Itikafu ya Madina na ziara zake: msiibane Madina ndani ya asubuhi moja

Mwana wa Mtambwe (mleta uzi)

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu turudi, na kila nikisikia mtu kajiandikisha Umra ya Ramadhani moyo hunituma niliseme. Nalisema leo, na litakuwa refu, mnivumilie.

Nilikwenda na mama yangu Ramadhani ya 1446, yaani Machi 2025. Mama ni mtu wa Mtambwe, Pemba, maisha yake yote ni karafuu, wajukuu na chuo. Kabla hatujaondoka watu walimiminika nyumbani siku tatu mfululizo. Mnajua kwetu mtu akienda Madina haendi peke yake, anabeba salamu za kijiji kizima. Huyu anasema nifikishie salamu kwa Bwana Mtume, yule ana binti hajapata mtoto, mwengine mgonjwa, mwengine ana deni. Mama skuli hakusoma, lakini herufi za Kiarabu anaziandika vizuri tangu utotoni. Akachukua daftari la mjukuu wake, akawa anaandika jina na haja yake, mstari kwa mstari. Siku tunapanda meli Mkoani, daftari lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

Tulianzia Makka, tukamaliza Umra, halafu tukapanda treni ya Haramain kwenda Madina. Treni ile ilianza kuchukua abiria 2018 na inakwenda hadi kilomita 300 kwa saa, nje unaona mawe meusi ya volkano na jangwa tu. Mama alikuwa kimya njia nzima akimsalia Mtume. Tulifika tarehe 17 Ramadhani.

Kesho yake msafara wetu ukatutoa ziara ya mahali pa historia ya Mtume. Sitaji jina la waliotupeleka, na kwa mengine walitutendea wema. Lakini ile ziara iliniuma. Basi liliondoka saa moja asubuhi, saa nne na nusu tumesharudi hotelini. Uhud tulipewa dakika ishirini. Misikiti ya Khandaq tuliionyeshwa kwa dirishani. Qiblatayn vivyo hivyo. Quba rakaa mbili na "haraka haraka jamani, basi linaondoka". Kisha tukashushwa kwenye duka la tende, na pale tulikaa kuliko tulivyokaa kwa mashahidi wa Uhud. Mama alikuwa hajamaliza kuwatolea salamu, akavutwa mkono na kuingizwa ndani ya basi. Alipokaa aliniambia, "Mwanangu, pale amelala Hamza, ami yake Mtume, na sisi tumepita kama tunakwenda gengeni."

Siku ya pili ilikuwa zamu yake ya Rawdha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume iliyo baina ya nyumba yake na mimbari yake. Kama mjuavyo, siku hizi Rawdha unaingia kwa miadi kupitia programu ya Nusuk, wanawake wana saa zao na wanaume saa zao. Alikwenda na daftari lake. Kule ndani muda ni mfupi na watu ni wengi, aliposali rakaa zake akalifungua, akasoma majina kumi na moja, wasimamizi wakaomba watoke. Alirudi machozi yanamtoka. Kilichomliza ni kuwa amana za watu amebaki nazo mkononi.

Tarehe 20, kabla ya Magharibi, tukaingia itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ajili ya ibada tu, kila mmoja upande wake. Sehemu yetu wanaume ilikuwa juu, kwenye paa la Msikiti wa Mtume. Sikumuona mama siku zote zile, tukipigiana simu mara moja baada ya futari na basi.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Siku ya kwanza na ya pili mwili uko itikafu, kichwa kiko Mwanakwerekwe dukani. Unahesabu, unawaza mzigo bandarini, unaitafuta simu. Siku ya tatu hivi kelele zikaanza kutulia zenyewe. Nikawa nasoma ukurasa mmoja wa Kurani na kuukariri mara tano bila kuona nimepoteza wakati. Alfajiri miavuli mikubwa ya uani imefungwa, unaona anga. Jua likipanda inafunguka yote pamoja, taratibu, iko 250, uwanja mzima unapata kivuli. Futari yake ni tende, mtindi, mkate, duqqa ya kuchovyea, maji ya Zamzam na kahawa. Hakuna mihogo ya nazi, hakuna tambi, hakuna sambusa. Na watu wa Madina wanagombea kukufuturisha, mzee wa makamo anakushika mkono, anakuvuta kwenye sufra yake, anakuona umemfanyia hisani wewe kukaa. Kabla ya ikama sufra zote zimeshakunjwa, huoni punje ya tende chini.

Kitu kilichonigeuza zaidi ni sala ya maiti. Karibu kila baada ya faradhi wanatangaza jeneza. Mara wanaume, mara mwanamke, mara kichanga. Siku tisa, mara tano kwa siku, unasimama takbira nne kumsalia mtu usiyemjua, kisha anachukuliwa hapo jirani, makaburi ya Baqii, aliko Sayyidna Uthman, Bibi Aisha na Ibrahim mtoto wa Mtume. Mama kwao alikuwa hajapata kusali jeneza msikitini hata siku moja. Aliniambia kwenye simu, "Leo nimewasalia watu tisa. Na mimi nataka kusaliwa na watu nisiowajua."

Na daftari? Upande wa wanawake alikaa jirani na mama mmoja wa Kingazija. Lugha zao zinakaribiana, wakaelewana nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kishikomori. Kila usiku baada ya tahajudi mama alikuwa akisoma kurasa mbili za majina, yule mwenzake anaitikia amin. Usiku wa 29 likaisha. Daftari lililoshindikana dakika kumi za Rawdha lilimalizika kwa kukaa.

Idi ilikuwa Jumapili tarehe 30. Msafara ukarudi, sisi tukabaki siku chache. Nikampata kijana wa Unguja anayesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kile kilichoanzishwa 1961, ambacho masheikh wetu wengi wamepita. Akatuchukua upya kila mahali, sehemu moja kwa siku. Basi.

Uhud tulifika mapema, jua halijachoma. Ni mlima mrefu, mwekundu mwekundu, umelala peke yake kaskazini ya mji, haukuungana na mwengine. Mbele yake kuna kile kilima kidogo cha wapiga mishale. Tangu chuoni nimesoma kuwa katika vita vya Uhud Mtume aliwaweka watu 50 pale, mkuu wao Abdullah bin Jubayr, akawaambia wasiondoke hata wakiona ndege wanawanyakua wenzao. Nilikuwa najua kwa ulimi. Nilipopanda juu nikageuka, ndipo nikaona kwa macho: kile kilima ndicho kilichoziba njia ya nyuma. Walipoteremka kufuata ngawira mlango ukabaki wazi, na farasi wa Khalid bin Walid, aliyekuwa bado hajasilimu, wakazunguka. Mwaka wa 3 Hijria, mashahidi wapatao 70. Kijana akatusimulia habari ya Mus'ab bin Umayr, aliyekuwa kijana wa anasa Makka, mavazi yake na manukato yakijulikana. Siku ile alipouawa hakuwa na kitu ila nguo moja. Wakimfunika kichwa miguu inatoka, wakifunika miguu kichwa kinatoka. Mtume akasema kichwa kifunikwe kwa nguo na miguu kwa majani ya idhkhir. Mama alikaa chini pale nje ya uzio, hakuna basi la kumuita, akawatolea salamu mpaka akatosheka.

Jumamosi tukaenda Quba kwa miguu, maana Mtume alikuwa akienda Quba kila Jumamosi, kwa miguu au juu ya mnyama. Kuna njia ya waenda kwa miguu kutoka msikitini, kama kilomita tatu. Mama alipumzika njiani mara tatu na hakutaka gari. Tulitia udhu hotelini kabisa, kwa sababu ya hadithi kuwa anayejitoharisha nyumbani kwake kisha akaenda Quba akasali ana ujira kama wa Umra.

Ninachowaomba wanaojipanga: tafuteni msafara unaowapa kukaa. Kaeni msikitini kwanza, ziara ifuate baadae, na someni sira, habari za maisha ya Mtume, kabla ya kupanda ndege. Mimi niliiona Uhud mara mbili ndani ya wiki tatu, na ni kama milima miwili tafauti.

---

Kijana wa Ngambo

Waalaykumu ssalaam. Allah akutakabalieni wewe na bi mkubwa. Hapo kwenye daftari nimeshindwa kuendelea, nimesimama kwanza.

Suali langu la kimatendo, ndugu yangu. Kibali cha itikafu mlipataje? Na asiyepata anafanya nini, anafukuzwa?

---

Bi Karafuu

Assalaamu alaykum kaka yangu. Umenigusa kidonda. Mimi nilikwenda mwaka mmoja kabla yako, msafara wetu Madina ulikuwa siku tano tu. Mwenzetu mmoja kwenye basi akasema asiyesali sala arubaini Madina safari yake ina kasoro. Nililia usiku kucha, nilikuwa nimeuza ng'ombe wawili na pete ya harusi ili nifike. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Hivi ni kweli?

Halafu jengine. Mwanamke anaruhusiwa kukaa itikafu msikitini siku kumi? Huku kwetu nimeona wanaume tu.

---

Maalim wa Ukutani

Bismillah. Dada yangu Bi Karafuu, futa machozi. Kuzuru Madina si nguzo ya Umra wala ya Hija. Umra yako ni ihramu, tawafu, sai na kunyoa au kupunguza nywele, na hayo yalitimia Makka. Hadithi ya sala arubaini imepokewa kwa Anas katika Musnad ya Imam Ahmad, na wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, wengi wameidhoofisha. Wenye misafara huweka siku nane kwa hesabu hiyo, siku nane mara sala tano. Anayeweza ni kheri. Asiyeweza hana deni. Iliyo thabiti bila ya shaka ni kuwa sala moja katika msikiti ule ni bora kuliko sala elfu kwengine, isipokuwa Masjidul Haram. Wewe siku zako tano umesali ngapi? Piga hesabu hiyo ulale.

Ama itikafu ya mwanamke, Bibi Aisha anasema Mtume alikuwa akikaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani mpaka alipofishwa, kisha wake zake wakakaa itikafu baada yake. Hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Anachohitaji ni ridhaa ya mumewe na sehemu yenye sitara. Kama misikiti yetu haina sehemu hiyo, kasoro ni yetu sisi tunaojenga, hukumu haikubadilika.

Na kijana wa Ngambo: katika madhehebu yetu ya Kishafii itikafu haina muda mrefu wa lazima. Ukiingia msikitini ukatia nia ya itikafu, ukatulia japo muda mfupi, umepata. Hata saumu si sharti. Kwa hiyo asiyepata kibali cha kulala, kila akivuka mlango atie nia, akitoka imekatika, akirudi atie tena.

Nyongeza moja, kwa kuwa mleta uzi kataja kukaa. Ndani ya Rawdha iko nguzo inayoitwa Ustuwanat al-Sarir. Hapo ndipo Mtume alipokuwa akitandikiwa wakati wa itikafu yake. Ukipata miadi ya Rawdha ukaiona, utajua hiyo itikafu uliyokwendea ilianzia wapi.

---

Mwana wa Mtambwe

Maalim, Mwenyezi Mungu akulipe. Suala la nia hilo laiti ningelijua siku ya kwanza.

Kijana wa Ngambo: usajili wa itikafu unafanywa kwa mtandao, hufunguliwa siku za mwanzo za Ramadhani na nafasi hujaa upesi, kwa hiyo usingoje kukumbushwa. Sisi tulisaidiwa na yule mwanafunzi. Uwe na viza halali na pasi mkononi. Ukishapata, unapewa mahali pa mizigo, chukua begi dogo tu. Usiku Machi juu ya paa kuna baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuijui, beba shuka nzito au koti. Viatu vyako tia kwenye mfuko uende navyo, usiviache mlangoni. Milango ni mingi na yote inafanana, shika nambari ya mlango wako tangu siku ya kwanza. Mama nilimuandikia kwenye karatasi akaiweka ndani ya daftari.

Anayeanzia Madina asivae ihramu kutoka Unguja. Anavaa Dhulhulayfa, pale Abyar Ali, wakati wa kwenda Makka. Nimeona wazee wamekaa na ihramu siku nzima bila ya sababu kwa kukosa mtu wa kuwaambia.

Dada Bi Karafuu, nitamwambia mama akutaje.

---

Mtu wa Chwaka

Nimesoma yote na nina heshima na bi mkubwa. Lakini mimi nina neno. Tunahimizana safari za mamilioni, na jirani zetu wanafuturu uji mtupu. Wako waliokwisha kwenda mara nne, mara tano. Itikafu si lazima Madina. Msikiti wa Ijumaa wa mtaani kwenu una nafasi kumi la mwisho, na ukikaa utakuta mko watatu. Na ziara pia, wangapi wetu wamefika Kizimkazi Dimbani? Maandishi ya Kikufi kwenye kibla cha msikiti ule yanataja mwaka 500 wa Hijria, 1107 Miladia. Zaidi ya miaka mia tisa watu wanasujudu pale, na vijana wetu wanapita na watalii kwenda kuangalia pomboo.

---

Mwana wa Mtambwe

Ndugu yangu wa Chwaka, neno lako nalipokea lote, khasa hilo la kwenda mara tano. Sisi tumekwenda mara moja, na mama alikuwa akiweka akiba ya karafuu tangu marehemu baba yuko hai. Sidhani kama tutarudi.

Lakini nikwambie kitu. Mimi kabla ya Madina sikuwahi kukaa itikafu hapa. Nilikuwa nikipita msikitini kama nilivyopita Uhud na lile basi. Ramadhani iliyofuata nilikaa hapa hapa Mwanakwerekwe. Tulikuwa wanne, mmoja zaidi ya hesabu yako. Na Kizimkazi nitakwenda, nitamchukua mama akija Unguja.

---

Shangazi wa Kikwajuni

Assalaamu alaykum wanangu. Mie nina dogo tu. Maulidi ya Barzanji tunayosoma majumbani, aliyeitunga Sayyid Ja'far al-Barzanji alikuwa mufti wa Kishafii hapo hapo Madina, karne ya 18. Mimi nimeyasoma tangu msichana na sikujua mpaka nilipofika mwenyewe nikaambiwa. Najua wako wasioyapenda maulidi, simgombezi mtu. Lakini nilisimama uani pa msikiti nikasema, kumbe maneno yale ninayoyajua kwa moyo yalitoka hapa, yakavuka bahari, yakaja mpaka kibarazani kwa bibi yangu. Nilijihisi si mgeni.

---

Kijana wa Ngambo

Maalim, samahani nikuchokoze tena. Hizo sehemu nyengine, misikiti ya Khandaq, Qiblatayn, kuna ibada maalumu pale? Niliwahi kusikia mtu akiwakemea watu wasiende kabisa.

---

Maalim wa Ukutani

Hujanichokoza. Msikiti wa Mtume na Quba zimekuja hadithi za fadhila ya kusali. Baqii na Uhud unakwenda kuwatolea salamu na kuwaombea waliolala pale. Hizo nyengine ni mahali pa historia. Khandaq, mwaka wa 5, ni hapo walipochimba handaki kwa rai ya Salman al-Farisi, na Mtume mwenyewe akabeba udongo. Qiblatayn inakumbusha kugeuzwa kibla kutoka Baytul Maqdis kuelekea Makka, mwaka wa 2. Ukenda kujifunza na kuzingatia hakuna wa kukukemea. Usiitakidi sala ya hapo ina malipo ya peke yake, basi. Na dada zetu Baqii hawaingii, wanatoa salamu kwa nje, nazo zinafika.

---

Mkulima wa Wete

Assalaamu alaykum. Mimi na mke wangu majina yetu yametoka, Ramadhani inayokuja inshallah. Tumeusoma uzi huu wote jana usiku kwa sauti, mke wangu ndiye aliyesema tununue daftari. Msafara wetu Madina ni siku kumi na mbili, nimekwenda leo ofisini kwao kuuliza ziara ya Uhud ni muda gani, wamesema watatupa asubuhi nzima. Nimewaomba waandike.

Mwana wa Mtambwe, tuko karibu. Mama ana salamu?

---

Mwana wa Mtambwe

Nimempigia sasa hivi, ndugu yangu, nikamsomea maneno yako. Amenyamaza kidogo, kisha akasema atakuja mwenyewe Wete kwa daladala Alkhamisi, kabla ya Adhuhuri, mumkaribishe. Daftari lake bado analo. Kurasa za nyuma zilibaki tupu, anasema mkeo asinunue jengine, atamletea hilo, na ukurasa wa kwanza ameshauandika: jina la yule mama wa Kingazija, na jina la Bi Karafuu.